Muulize Inambana Wapi

Nyinyi mnaokuja kukalia kiti changu pale atelie, chumba chetu cha kushonea, kwanza kiangalieni vizuri. Mguu mmoja ni mfupi, nimeuwekea kipande cha ubao, na mkikisogeza bila kuangalia mtaanguka kama direkta wetu, mkuu wa kituo, alivyoanguka mbele ya wageni. Wanafunzi watawaambia kwamba Fundi Hadija alikuwa mkali. Ni kweli. Nilikuwa mkali na bado ni mkali, muulizeni mkwe wangu. Lakini hakuna aliyetoka mikononi mwangu asiyejua kukata shingo ya gauni.

Miaka yangu yote ya kazi nilifundisha kushona katika kituo kimoja kule Gihosha, kinachopokea wanawake wanaomaliza vifungo vyao. Kulikuwa na wezi, matapeli, wapiganaji, na wachache waliofanya mambo ambayo sitayaandika hapa. Mtu alikaa kwetu, akajifunza cherehani, na siku zake zikikaribia kwisha direkta ananiita: "Fundi, huyu atoke?" Nikisema ndiyo, naweka saini kwenye barua, tunamtafutia nafasi kwa mafundi wa mjini. Msiichukulie rahisi saini hiyo. Fundi wa nguo anaingia nyumbani kwa watu. Anampima bibi harusi chumbani kwake, anaona sanduku liko wapi na ufunguo unatundikwa wapi.

Juzi mmoja wenu, yule mrefu mwenye miwani, alinifuata nyumbani Buyenzi na swali lake. "Mama Hadija, hawa watu wanaumiza wenzao kwa sababu hawaelewi mwenzao anawaza nini na anasikia nini moyoni, ao sivyo?" Nikampa chai kwanza, maana niliona jibu ni refu. Baadaye nikaona heri niliandike, nisije nikalirudia kwa kila mmoja wenu nikamaliza majani ya chai.

Jibu fupi ni apana. Wako wasioelewa kitu, na wako wanaoelewa kuliko mimi na wewe. Nianze na wale wa kwanza, ndio wepesi.

Josiane aliletwa kwetu kwa sababu alimpiga jirani yake sokoni kwa chupa. Nikamuuliza jirani huyo alimkosea nini. "Aliniangalia vibaya." Kwa Josiane, dunia nzima ilikuwa inamwangalia vibaya. Wenzake wakicheka kule mwisho wa meza, yeye anasikia jina lake. Mimi nikiinamia mshono wake nikavuta pumzi kwa sababu ya mgongo wangu, yeye anajua nimechoka naye. Asubuhi moja mwenzake alitabasamu, Josiane akasimama na mkasi mkubwa mkononi. Nikajitia katikati. Nikamuuliza yule mwingine: "Ulikuwa unacheka nini?" Yule dada akasema amemkumbuka mama mkwe wake alivyoketi juu ya sufuria ya maharage akidhani ni kigoda. Josiane akabaki amesimama na mkasi wake, hajui autie wapi.

Tangu siku hiyo nikampa sheria moja: kabla ya kusimama, uliza. Mwanzoni aliuliza kama polisi. "Unacheka nini? Unaguna nini? Unaniangalia nini?" Tulichoka naye jamani. Lakini majibu yalikuja: huyu tumbo linamuuma, huyu hakulala, huyu jua linampiga machoni. Miezi ikapita, siku moja akanijia na uso wa mtu aliyepoteza kitu. "Mama, kumbe watu hawaniwazi sana." Nikamwambia, "Mwanangu, hata mimi nyumbani kwangu hawaniwazi." Akacheka. Leo anashona maovaroli ya wafanyakazi kule Quartier Industriel, mtaa wa viwanda, na sijasikia kwamba amempiga mtu.

Sasa Spès.

Spès alikuwa upande wa pili kabisa. Alikuja na kucha safi na sauti ya chini, na siku ya kwanza tu alisifu maandazi yangu mpaka nikamwongezea mawili. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa ameona, kwa kuniangalia tu, kwamba napenda kusifiwa maandazi. Mteja akiingia mlangoni, Spès ananinong'oneza: "Huyu atasema kiuno chake ni kidogo. Usimukatalie, mwachie nafasi ndani ya mshono." Kweli. "Huyu ametoka kugombana na bwana yake." Kweli tena. Alijua direkta anamwogopa mke wake, alijua siku nilizolala vibaya. Macho yake yalipima kuliko futi yangu ya kupimia nguo.

Na kazi yake kabla ya kuja kwetu ilikuwa misiba. Mnajua vile tulivyo hapa mjini: penye msiba mlango haufungwi, na aliyekuja kulia haulizwi yeye ni wa nani. Ndugu wa mume wanadhani ametoka upande wa mke, ndugu wa mke wanadhani ni wa mume. Spès alisikiliza kwanza jina la marehemu, akalia vizuri, akaingia jikoni akachukua kisu na kuanza kumenya ndizi. Siku ya pili wenye nyumba wenyewe wanamtuma chumbani kuchukua mikeka. Siku ya tatu hayupo, na vitu vimeenda naye.

Msiba uliomfikisha kifungoni ulikuwa Ngagara, kwa mama mmoja aliyefiwa na binti yake wa pekee, Alini. Spès aliondoka na imvutano ya yule binti, nguo ya heshima aliyovaa siku alipotolewa mahari. Ilishauzwa kabla hajakamatwa, haikupatikana tena.

Nikamuuliza siku moja, tuko wawili tunapiga pasi. "Ulimwona yule mama analia?"

"Nilimuona."

"Ukajua anaumia?"

"Nilijua sana, Mama. Ndiyo maana nilijua hataangalia nyuma yake."

Nikaiweka pasi chini. Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni.

Basi hapa ndipo nilipofanya kosa langu kubwa la kazi, na naliandika ili msilirudie. Nikadhani kinachokosekana ni kufundishwa huruma. Kila Alhamisi nikamkalisha na hotuba zangu. Fikiria ingekuwa mama yako. Fikiria ingekuwa mtoto wako. Spès akainamisha kichwa, machozi yakatoka, nami nikajiona mwalimu hodari. Tukamwomba Mama Alini aje kituoni. Spès akapiga magoti, akamshika miguu, akalia mpaka sauti ikakatika. Mama Alini akalia, direkta akatafuta kitambaa chake, mimi mtandio wangu ulilowa. Alasiri ile ile niliweka saini.

Miezi miwili haikuisha, wakamkamata kwenye msiba mwingine, Kamenge. Alikutwa jikoni anamenya ndizi.

Aliporudishwa nilimfuata na hasira zote. "Na yale machozi?"

Akaniangalia, hana haya wala kiburi. "Mama, nilikuwa nakuangalia wewe. Ulikuwa unangoja nilie."

Niliumwa siku tatu. Si malaria wala nini, ni aibu tu. Alikuwa amenisoma mimi, akanishonea machozi ya kipimo changu. Nikamwambia mume wangu, Mzee Hamisi, kwamba naacha kazi. Alikuwa fundi wa magari na hakuwa mtu wa maneno mengi. Akasema, "Kabla hujaacha, nikumbushe lile gauni la harusi." Akaanza kucheka peke yake, na mimi nikakasirika zaidi, halafu nikakumbuka.

Nilikuwa msichana, najifunza kwa Fundi Saleh hapa hapa Buyenzi. Mzee yule hakutoa nguo bila kuijaribisha. Anaipiga bandi kwanza, mishono mirefu ya muda tu, anamvalisha mteja, anachukua pini na kuuliza, "Inakubana wapi?" Mimi niliona ni kupoteza wakati. Siku moja hayupo, nikashona gauni la bibi harusi kwa futi, moja kwa moja, sentimita kwa sentimita. Lilimkaa vizuri ajabu. Siku ya harusi hakuweza kuinua mikono, akasalimia wageni mikono imening'inia, akalishwa keki kama mtoto. Fundi Saleh hakunipiga. Alishona jingine la kipimo changu, akakata kwapa vile vile nilivyokata mimi, akanivalisha, akanituma maji bombani kutwa nzima, ndoo kichwani. Jioni akasema: "Mkono wake uliuona, ukaupima. Hukumuuliza anataka kufanya nini nao."

Mzee Hamisi alikuwa mmoja wa vijana waliokuwa wakinicheka pale bombani. Ndivyo tulivyojuana.

Nikarudi kazini. Nikamwita Spès, nikamwambia: "Machozi yako siyataki tena humu ndani. Sitaki ulie, sitaki uniambie unasikia nini. Kuanzia leo wewe ndiye utajaribisha wateja wote." Nikampa pini za aina mbili, za kichwa chekundu na za kichwa cheupe. Mteja akivaa nguo ya bandi, Spès anachoma pini nyekundu pale anapodhani panabana. Halafu anauliza, "Inakubana wapi?" na kunyamaza mpaka mtu amalize kujibu. Pale mteja anaposema, anachoma nyeupe.

Mwanzoni pini zilikaa pamoja karibu kila mara, naye ananiangalia na kutabasamu. Nikajisemea, Hadija, umeshindwa tena, umempa tu mahali pa kujisifu. Mpaka siku alipokuja bibi mmoja wa Kiriri, mzee, amevaa vizuri. Spès akachoma nyekundu tumboni, na kweli pale palikuwa pamekaza kidogo. Akauliza. Yule bibi akasema, "Haibani mahali. Lakini vifungo viko mgongoni. Mzee wangu ndiye alikuwa ananifunga vifungo, na sasa hayupo." Spès akabaki na pini nyeupe mkononi. Alizunguka nyuma polepole, akaichoma kwenye kifungo cha juu.

"Hiyo sikuiona," akasema.

Lilikuwa neno jipya kinywani mwake. Sikumsifu. Nilijifanya natafuta uzi chini ya meza.

Tangu hapo akawa anazitafuta zile pini zilizoachana. Jioni ananihadithia: fulani nilidhani ni mabega, kumbe anaogopa mashemeji zake waseme amejionyesha. Fulani nilidhani ni bei, kumbe hajui kusoma na ameona haya nilipompa karatasi ya bei. Sitawaambia kwamba moyo wake ulilainika, sikuingia humo. Labda ilikuwa kiburi tu, alichukia kukosea. Mimi sikujali amepita njia gani, nilitaka afike.

Halafu akaomba mwenyewe kumwona tena Mama Alini. Direkta akakataa, mimi nikakataa mara mbili. Lakini tukaona si sisi wa kuamua, tukapeleka ujumbe Ngagara. Jibu likaja: waje, lakini sitaki mtu apige magoti kwangu.

Mama Alini alifungua mlango kidogo, akatuangalia kwanza na jicho moja, ndipo akafungua wote. Direkta na mimi tukakaa. Spès alisimama karibu na mlango, uso mkavu kabisa.

"Mama," akasema, "ile mara ya kwanza nililia. Ilikuwa ya kumufurahisha Fundi. Leo sina machozi. Nimekuja kuuliza. Mi nilikuwa nafikiri inakuuma juu ya nguo. Ni vile?"

Direkta akataka kusema kitu, nikamkanyaga mguu.

"Apana," akasema Mama Alini. "Nguo ni nguo. Ni mi nilikuonesha sanduku. Unakumbuka? Watu wote walikuwa wananiambia ninyamaze, nisimuseme Alini, nitajiumiza. We peke yako uliniuliza alivaa nini siku ya mahari, alikuwa anapenda nini. Nikafurahi. Nikafungua sanduku nikakuonesha. Sasa mutu akiniuliza juu ya mutoto wangu, namufukuza. Naona anataka kitu. Siwezi kumusema tena Alini kwa mutu yeyote. Hiyo ndiyo uliniiba."

Spès hakusogea. Nilimwangalia usoni nikitafuta anatuchezea nini, nikaona kitu kimoja tu, uso wa mtu anayefikiri.

"Hiyo sikuiona," akasema.

"Sasa umeiona."

"Nifanye nini?"

"Hakuna."

"Sawa, Mama."

Hakubembeleza. Tukainuka kuondoka. Tulipofika mlangoni, Mama Alini akanishika mkono, mimi, akiwa amempa Spès mgongo. "Fundi, Alini alikuwa mufupi. Ile imvutano ilikuwa ndefu, tuliipindisha mara mbili, na bado alikuwa anaikanyaga. Siku ile alijikwaa mbele ya wakwe, akacheka mwenyewe kwanza." Na akaendelea. Shule aliyosoma, kijana wa jirani aliyemwandikia barua, chumvi aliyozidisha kwenye kila mboga. Tulisimama pale mlangoni mpaka miguu ikavimba, basi zikapita, na Spès akasimama nasi kimya, hakuuliza chochote zaidi.

Sikuweka saini siku ile, nimekuwa mwoga wa siku nzuri. Nilingoja hadi mvua zikaja zikaisha, pini nyekundu na nyeupe zikiendelea. Nilipoweka saini, nilimpeleka mwenyewe kwa fundi mwanamke wa Bwiza niliyemweleza yote, hata ndizi.

Zile pini mtazikuta kwenye droo ya kulia, ndani ya kopo la maziwa. Msiziache zikashika kutu.

Mwaka uliopita Mzee Hamisi akatutoka. Inna lillahi. Matanga yakawa hapa nyumbani, mlango wazi, wanawake wamejaa uani, moshi wa kuni, watoto wanapita na birika. Asubuhi ya pili nikainua macho nikamwona Spès. Wote walikuwa wanaingia moja kwa moja. Yeye alisimama nje ya kizingiti.

Nitawaambia ukweli wangu hata kama hauna sura nzuri: nimekaa chini, nimefiwa, na wazo langu la kwanza lilikimbilia sanduku lililoko chumbani. Na najua aliliona wazo hilo usoni kwangu. Macho yale hayakufa.

"Mama," akasema, "niingie jikoni, ao nibaki hapa inje? Sema vile unataka, nitafanya vile."

Nikasema ingia. Akaenda akachukua kisu, akamenya ndizi. Adhuhuri wageni wakazidi, mikeka ikapungua, na mingine ilikuwa chumbani kwangu. Binti zangu wana kazi mikononi, wakwe wana watoto migongoni. Nikamwangalia yeye. Nikasema, "Spès, ingia chumbani. Mikeka iko nyuma ya sanduku."

Aliingia, akatoka na mikeka mitatu, akaitandika.

Alasiri akaja kukaa karibu yangu. Siku zile mbili kila mtu alikuwa ameniambia jikaze, ni kazi ya Mungu, naye anapumzika. Maneno ya kweli, nami niliitikia amina kila mara. Spès akasema, "Mama, inauma wapi?" Halafu akanyamaza, akangoja.

Nikamwambia. Kila asubuhi Mzee alikuwa anakohoa kwanza kabla ya kuniita. Nilimgombeza kwa kikohozi hicho maisha yetu yote, nenda kwa daktari, utaniamshia majirani. Na sasa naamka kabla ya adhana, nalala pale nangoja kikohozi. Watoto wangu sikuwaambia hilo. Spès hakulia, hakunishika mkono. Alikaa mpaka nikamaliza.

Watu walipopungua niliingia chumbani nikafunga mlango, nikafungua sanduku. Ndiyo, nililifungua. Kila kitenge kilikuwa mahali pake.

Jambo hilo lilinikaa rohoni, na mwezi uliopita Spès alipokuja kunisalimia na chupa ya maziwa, nikaona nimwambie. "Ile siku ya matanga, ulipoondoka, nilifungua sanduku nikaangalia."

"Najua, Mama," akasema. "Nilijua utafungua. Uliogopa juu ya vitenge vyako."

"Apana," nikamwambia. "Vitenge vimezeeka kama mimi. Nilikuwa naogopa juu yako, usije ukapotea tena."

Akaishika ile chupa ya maziwa, akaizungusha zungusha mkononi, akaiweka chini.

"Hiyo," akasema, "sikuiona."